Mbona ziwani hakuna pweza?

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kunisaidia kuchanganya chakula cha kuku. Nafuga kuku wa mayai huku Buhongwa, Mwanza, si wengi, ila wanakula kama wengi. Tukamwaga pumba, tukaongeza mashudu ya pamba na dagaa wa kusaga, mwisho nikafungua kiroba cha konokono. Kwa asiyefuga: konokono wa dukani si mnyama, ni magamba yake matupu yaliyookotwa kando ya Ziwa Victoria na kupondwapondwa. Kuku akiyakosa hutaga yai lenye ganda laini kama karatasi, na hasara ni yako.

Mtoto akawa anachambua yale ambayo hayakupondeka vizuri. "Mjomba, hawa ndio wale wa kichocho?" Nikamwambia baadhi yao ni hao hao. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile lililonifanya niandike haya: "Na pweza je? Mbona ziwani hakuna pweza?"

Nilijua limetoka wapi. Wiki nzima alikuwa akikariri wanyama wasio na uti wa mgongo kwa ajili ya mtihani. Daftari lake lina kiti cha pweza (si pweza mwenyewe, ni yule mnyama mwenye umbo la nyota) cha mikono mitano, kimechorwa vizuri kabisa, na chini yake ameandika: makazi, baharini. Mchoro huo aliunakili kutoka ubaoni, na mwalimu aliunakili kutoka kitabuni. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona huyo mnyama. Sina ugomvi na mwalimu, bahari iko mbali na nauli haishuki. Ugomvi wangu ni kwamba somo liliishia kwenye neno "baharini", pale pale ambapo lilitakiwa kuanza.

Maana jibu la swali lake ni tamu. Mwili wa kiti cha pweza ndani yake una chumvi karibu sawa na bahari inayomzunguka. Hata anavyotembea ni kwa maji ya bahari: ana mifereji mwilini inayosukuma maji hayo kwenye vijimiguu laini mamia kwa mamia, vinajaa, vinashika mwamba, vinaachia. Sasa mchukue umtumbukize hapa Kirumba. Maji ya ziwa karibu hayana chumvi, na maji siku zote hukimbilia penye chumvi nyingi. Yatampenya kwenye ngozi, avimbe kama maharage yaliyolowekwa usiku, na hana kiungo cha kuyasukuma nje kwa kasi inayotosha. Ndiyo sababu ukoo wake wote, pamoja na jongoo bahari, haujawahi kuweka makazi kwenye maji baridi popote duniani. Pweza na ngisi nao vivyo hivyo. Pweza ana mioyo mitatu, damu ya buluu, na sehemu kubwa ya chembe zake za fahamu zimo kwenye mikono yenyewe. Werevu wote huo, lakini mlango wa maji baridi umemshinda.

Waliovuka ni wachache, tena wanyonge wanyonge. Konokono wa ziwani ana figo isiyolala: maji yanaingia, yeye anayatoa, huku akizuia chumvi kidogo aliyonayo isipotee. Uduvi hufyonza chumvi kwa matamvua yake. Kulikuwa na tatizo jingine pia, la watoto. Wanyama wengi wa baharini huachia mayai yao yaelee na mawimbi, hata yakienda mbali bado ni bahari. Ukifanya hivyo mtoni, watoto wanasombwa na kuishia kwenye chumvi. Basi jike la uduvi huyabeba mayai yake chini ya tumbo mpaka yaanguliwe, konokono huyagandisha kwenye majani kwa ute, na kome wengi wa maji baridi huwapandisha watoto wao juu ya samaki, wang'ang'anie huko kama kondakta mlangoni, mpaka wafike umri wa kushuka.

Kuna wengine tunaopita karibu nao bila kujua. Yavuyavu, ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kuwasha, ana jamaa yake humu ziwani, mdogo kama sarafu na asiye na madhara kwa muogaji. Sifongo wapo pia, wamegandamana chini ya mawe kama ukoko wa ugali. (Watu huchanganya sifongo na dodoki. Dodoki ni tunda la mmea. Sifongo ni mnyama, ingawa hana mdomo, tumbo wala ubongo.) Na wote hawa ni wageni hapa, kwa sababu Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Tanganyika, ambalo ni la kale sana, lina konokono wenye magamba mazito ya urembo wa kibaharini, kiasi kwamba zaidi ya karne moja iliyopita Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, aliamini ziwa lile liliwahi kuungana na bahari. Alikosea, lakini ukiyaona magamba yale utamsamehe.

Tatizo letu Kanda ya Ziwa ni kwamba mnyama asiye na mfupa ni "mdudu" tu, na mdudu tunamjua kwa ubaya wake. Konokono, kichocho, basi. Lakini hebu fuata kisa chenyewe. Mayai ya minyoo ya kichocho cha tumbo hutoka kwenye kinyesi cha mtu aliyejisaidia ziwani au kando yake. Kinachoanguliwa humo kinamwingia konokono, kinazaliana ndani yake, na uwezo wake wa kutaga hushuka au kukatika kabisa. Kisha kutoka kwake vinatoka maelfu ya vijidudu vinavyotafuta ngozi ya mtu. Konokono ameambukizwa na sisi kabla hajatuambukiza. Mabango yote niliyoyaona yanamchora yeye kama mhalifu. Choo sijawahi kukiona kimechorwa kikubwa hivyo.

Tena tulikuwa na askari wa kumpunguza. Kamongo hula konokono, na kati ya mamia ya aina za furu walikuwemo waliokuwa na meno ya kooni ya kupasulia magamba. Miaka ya 1980 sangara aliwafyeka furu, na nyuma yao uduvi akaongezeka mno. Huyo uduvi, ambaye mama mwenye dagaa pale mwaloni humchambua na kumtupa pembeni kwa ajili ya kuku, hula mabaki yanayooza chini ya ziwa, na sangara mchanga humla yeye kabla hajapata mdomo wa kumeza samaki mwenzake. Minofu inayopakiwa kwenda Ulaya ilianzia hapo, kwenye takataka na uduvi. Sijasikia mwanasiasa yeyote akimtaja uduvi jukwaani.

Turudi baharini, maana kuna anayesema hayo ya pwani hayatuhusu. Bahari ilifika huku zamani, mabegani mwa wapagazi. Simbi ambazo waganga wa Usukumani bado wanazivaa ni magamba ya konokono wa Bahari ya Hindi. Watemi wa Unyamwezi walivaa kibangwa, kisahani cheupe kilichokatwa kwenye gamba la konokono wa baharini mwenye umbo la koni, kama alama ya enzi. Hapo huwa nacheka peke yangu, kwa sababu ukoo wa konokono hao ni wawindaji: wana jino kama chusa lenye sumu, baadhi wanaua samaki papo hapo, na wachache wameshaua watu. Sijui kama mtemi aliambiwa amevaa gamba la muuaji. Ingempendeza, nadhani.

Sumu ya mmoja wao ilichunguzwa na kundi la Baldomero Olivera, mwanasayansi wa Ufilipino, na dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa maumivu makali yanayoshinda dawa nyingine. Dawa ya sitarabini, inayotumika kwa saratani ya damu, chimbuko lake ni sifongo wa Karibi. Na kuna mnyama wa pwani za Marekani, ana umbo la kikaango chenye mkia, ambaye damu yake ya buluu imetumika kwa miaka mingi kupima kama chanjo na dripu zina sumu ya bakteria. Uwezekano ni mkubwa kwamba sindano uliyochomwa hapa Mwanza ilipitia kwenye damu hiyo. Wanyama hao wako pwani za mbali, lakini mkono uliochomwa ni wako.

Katika kila aina 100 za wanyama zinazojulikana, zaidi ya 95 hazina uti wa mgongo. Sisi tunazisoma kwa wiki moja, kwa mchoro, kisha tunahamia kwa samaki. Ningekuwa na sauti kwenye mambo ya shule, kiti cha pweza kingebaki daftarini kama kilivyo, lakini kabla yake ningeweka ndoo. Uduvi hai huokotwa alfajiri pale dagaa wanaposhushwa, na mvuvi hakuombi hata shilingi. Konokono achotwe na mtu mzima mwenye buti na glavu za mpira, akae kwenye chombo chake mwenyewe ambacho hakuna mtoto anayetia mkono. Kwa uduvi tumia maji yasiyo na konokono yaliyokaa siku mbili, maana vijidudu vya kichocho visipopata mtu ndani ya muda huo hufa. Halafu mwalimu aulize kwa nini hawa wanaishi humu na pweza hawezi, anyamaze, awasikilize.

Mpwa wangu hakungoja mtaala ubadilike. Juzi tulikwenda mwaloni Kirumba alfajiri, tukapewa uduvi kiasi cha kiganja, tukawatia kwenye maji tuliyokuwa tumeyalaza nyumbani. Walikufa wote kabla daladala haijafika Buhongwa. Nashuku ile ndoo. Mama yake alikuwa ameifulia.