Usiitupe hiyo Zenith, isugue

Land Rover Series III ya petroli ikianza kutoa moshi mweusi, hukumu hutoka kabla fundi hajashika hata bisibisi: "Kabureta imekufa, nunua mpya." Imekufa! Mapigo ya moyo yalipimwa saa ngapi?

Zenith 36IV, ndiyo kabureta ya gari hilo, ina ugonjwa mmoja mkubwa, na dawa yake ni kioo na msasa. Kifuniko cha juu na kile kipande kinachobeba jeti (vitundu vinavyopima petroli) na boya (linalodhibiti kiwango cha petroli ndani) ni vya aloi laini. Kila aliyewahi kuifungua amekaza skrubu kana kwamba anafunga tairi, basi nyuso zimepinda. Petroli inapenya kwenye mwanya huo na kuingia kwenye injini bila kupimwa na jeti yoyote. Dalili yake haifichiki: injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, unazungusha skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hadi mwisho na hakuna kinachobadilika. Hapo ukibadilisha jeti unajisumbua bure.

Vua boya, sindano yake, jeti na pampu. Angalia vigololi vidogo. Kikianguka kwenye mchanga wa gereji, ndiyo kwaheri. Chora mistari ya kalamu ya wino kwenye uso mzima. Laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene, lowesha, kisha sugua kwa kuchora nane huku ukigeuza kipande mara kwa mara ili mkono usielemee upande mmoja. Wino unapobaki ndipo palipobonyea. Endelea mpaka uishe wote, umalizie na namba 600. Usijaribu kutumia tupa. Osha kwa petroli, pulizia upepo kila tundu, maana unga wa msasa ukibaki ndani umejitengenezea tatizo jipya.

Weka gasketi mpya na oringi (pete ya mpira) mpya. Oringi hiyo ni ya bei ya soda lakini ndiyo inayosahaulika, halafu kazi yote ya kusugua inakuwa bure. Skrubu kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa vidole viwili kwenye bisibisi. Urefu wa boya ni milimita 33, kipande kikiwa kimepinduliwa na gasketi imetolewa, kutoka uso wake hadi kilele cha boya.

Na wale wa kuzibua jeti kwa waya! Jeti ya 125 ina tundu la milimita 1.25. Ukiikwangua ikafika 1.30, eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 8, halafu unalaumu bei ya mafuta. Upepo unatosha.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba zipo zinazostahili kustaafu. Ekseli ya kipepeo, kile kibamba kinachofungulia hewa, ikicheza ndani ya tundu lake, hewa inaingia na msasa hausaidii. Pulizia kisafishia kabureta kwenye ncha zake injini ikiwaka; mlio ukibadilika, ipelekwe kwa mchonga vyuma aitie bushi. Hata hiyo bado si kifo.

Kabureta mpya ya nakala nayo, kabla hujaifunga, ilaze uso wake kwenye kioo hicho hicho. Nyingine hutoka kwenye boksi zikiwa zimepinda tayari.