Minara ya Mumbai Imekosa Ndege, Haijakosa Maana

Ratan Tata, mfanyabiashara maarufu wa India, alipofariki Oktoba 2024, mwili wake haukupelekwa Doongerwadi, ule msitu wa Malabar Hill jijini Mumbai ambako Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi inayofuata dini ya Zoroasta, wamekuwa wakiwalaza wafu wao juu ya minara ili waliwe na ndege, tangu karne ya 17. Ulichomwa katika tanuri la maiti la Worli, mtaa mwingine wa Mumbai. Miaka miwili kabla yake, Cyrus Mistry, mfanyabiashara mwingine mkubwa wa jamii hiyo, alipitia njia hiyohiyo. Kwa wanaotaka minara ya Doongerwadi ifungwe, hapo mjadala ukawa umekwisha: ikiwa hata vigogo wa jamii wameikwepa, nani abaki kuitetea?

Nadhani wamefunga mjadala mapema mno. Kabla ya kuihukumu dakhma, yaani mnara wenyewe, tuulize kwanza ilikuwa ikifanya kazi gani, na nini kiliizuia.

Kwa Mzoroasta, moto, maji na ardhi ni vitu vitakatifu, na maiti ni najisi. Ukiizika umeichafua ardhi. Ukiichoma umeutia moto unajisi. Ndiyo maana mwili hulazwa juu ya jukwaa la mawe la mviringo lisilo na paa, wanaume mzingo wa nje, wanawake wa kati, watoto wa ndani. Katikati kuna kisima cha kupokea mifupa iliyokwisha kukaushwa na jua. Tajiri na maskini hulala juu ya jiwe moja, na hakuna jina linalochongwa popote. Wageni wengi huishia kwenye taswira ya ndege anayerarua mwili wa binadamu, wakaita huo ni unyama. Mparsi mwenye imani huona sadaka ya mwisho: mwili ambao mwenyewe hauhitaji tena unamlisha kiumbe mwingine. Hakuna kuni zinazoteketea, hakuna moshi, hakuna shamba la makaburi linalopanuka kila mwaka katikati ya jiji lenye watu wengi kama Mumbai.

Yote hayo yalimtegemea tumbusi, ambaye akija na kundi lake mwili huisha kwa muda mfupi sana. Na tumbusi hayupo tena.

Kati ya 1992 na 2007, tumbusi mgongo-mweupe wa India walipungua kwa asilimia 99.9. Katika kila ndege 1,000 alibaki mmoja. Hata hivyo si takwimu hiyo inayonirudia kila mara, ni nyingine iliyo ndogo zaidi. Mwaka 2004 wanasayansi walithibitisha kwamba muuaji ni diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe ambayo ng'ombe walikuwa wakidungwa. Ng'ombe akifa muda mfupi baada ya kudungwa, tumbusi anayekula mzoga wake huharibika figo na kufa baada ya siku chache. Watafiti wakapiga hesabu: mizoga mingapi yenye dawa ingetosha kuwaangusha ndege kwa kasi ile? Jibu lilikuwa chini ya mmoja katika kila 100. Makadirio ya juu kabisa hayakuzidi asilimia 0.75.

Naomba msomaji asiipite namba hiyo haraka. Maana yake ni kwamba mizoga 99 kati ya 100 ingeweza kuwa safi, na bado ndege wangekwisha. Tumbusi hawali mmoja mmoja; hukusanyika kwa makumi, kwa hiyo mzoga mmoja wenye sumu huangusha kundi zima. Katika mwaka mmoja ndege huyo hula mizoga mingi, na siku moja lazima aukute ule wa mia. Naye hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kinda lake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Kwa hiyo ninaposikia kwamba mila ya dakhma imepitwa na wakati, huuliza ni kipi ndani ya mila hiyo kilichochakaa. Jiwe ni lilelile, sala ni zilezile. Kilichoukwamisha mnara ni sindano ya ng'ombe, tena sindano ambazo nyingi zilichomwa mbali kabisa na Malabar Hill.

Wala hasara haikuishia kwa Waparsi. Mwaka 2024 wachumi Eyal Frank na Anant Sudarshan walichapisha utafiti unaokadiria kwamba kutoweka kwa tumbusi kulisababisha vifo vya ziada vya watu 500,000 hivi nchini India kati ya 2000 na 2005. Mizoga ilibaki ikioza, maji yakachafuka, mbwa wakaongezeka na kichaa chao. Ndege aliyeonekana mchafu ndiye aliyekuwa akiwasafishia watu mazingira.

Wakosoaji nao wana hoja, na sitaki kuipunguza. Mwaka 2006 picha zilizopigwa ndani ya Doongerwadi zilionyesha miili iliyokaa muda mrefu bila kuisha. Mwewe na kunguru hudonoa tu, kazi hawaimalizi. Vioo vya kukusanya joto la jua vilivyofungwa minarani husaidia kiangazi, lakini mawingu ya mvua za Juni hadi Septemba huvifanya visiwe na faida. Mtu anayejua kwamba mama yake amelala pale wiki baada ya wiki ana maumivu ambayo mafundisho ya dini peke yake hayayaondoi. Akichagua tanuri, namwelewa kabisa.

Hapa ndipo ninapoachana na baadhi ya walinzi wa mila. Mwaka 2009 baraza la Waparsi wa Mumbai, Bombay Parsi Punchayet, liliwazuia makuhani wawili kuendesha ibada Doongerwadi, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba walikuwa wakiwaombea waliochomwa. Mahakama Kuu ya Bombay ililipinga katazo hilo mwaka 2011. Sensa ya mwaka huohuo iliwahesabu Waparsi 57,264 tu nchini India, kutoka 69,601 miaka kumi kabla. Jamii inayopungua hivyo inawezaje kumnyima marehemu wake sala? Ukumbi wa sala uliofunguliwa Worli mwaka 2015 uliziba pengo lililopaswa kuzibwa zamani.

Lakini kumruhusu anayetaka kuchomwa ni jambo moja, kuifunga minara ni jingine. Wazoroasta wa Iran waliiacha minara katika karne ya 20 na sasa huzika katika makaburi yaliyojengewa saruji ili mwili usigusane na udongo. Hata wao walibadili njia tu, kanuni wakaishika. Na kule Tibet, ambako tumbusi bado wapo, maiti huachiwa ndege hadi leo na kazi inakamilika.

Kwa miaka mingi umejadiliwa mpango wa kufuga tumbusi ndani ya vizimba Doongerwadi. Kikwazo chake kikubwa kimo katika miili ya Waparsi wenyewe, maana diklofenaki ilipigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, ila kwa binadamu bado inatumika. Mgonjwa akiipokea saa zake za mwisho, mwili wake unaweza kuwaua ndege walewale wanaongojewa. Kwa hiyo anayetaka dakhma irudi kazini aanzie hospitalini, kando ya kitanda cha mgonjwa: amwombe daktari dawa nyingine ya maumivu, kwa mfano meloksikamu ambayo haiwadhuru tumbusi, na ombi hilo liandikwe kwenye faili mapema, mgonjwa mwenyewe akiwa bado anaweza kusema.