Kingo mbili za mto Savannah

Historia ya makoloni 13 ya Waingereza huko Amerika kwa kawaida hufundishwa kwa mafungu matatu. New England, kwenye mawe na baridi ndefu, watu wakawa wavuvi na waunda meli. Pennsylvania na majirani zake wakalima ngano. Kusini kwenye joto kukawa na tumbaku, mpunga na, eti kwa sababu hiyo, watumwa. Mafungu mawili ya kwanza sina ugomvi nayo. La tatu linaibebesha ardhi mzigo ambao sehemu kubwa ni ya watu.

Hata hivyo, wanaoitetea hoja ya jografia hawasemi ovyo. Nyanda za chini za South Carolina ni vinamasi, na mpunga ulistawi humo kuanzia miaka ya 1690. Mbu nao walistawi. Malaria iliwaua Wazungu kwa wingi, kiasi kwamba matajiri waliyakimbia mashamba yao tangu Mei hadi baridi ya kwanza. Waafrika wengi walikuwa na kinga kiasi waliyorithi, ikiwemo ile ya vinasaba vya selimundu, na baadhi yao walitoka sehemu za Afrika Magharibi ambako mpunga ulilimwa tangu zamani. Kufikia 1708 weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Kazi ilipimwa kwa vipande, kwa kawaida robo ekari kwa mtu mmoja kwa siku. Mavuno yakishaingia, palianza kutwanga: kinu, mchi na ungo, kama jikoni kwa mtu yeyote, ila hapa ni mchele wa kujaza meli, si wa chungu cha jioni.

Sasa vuka mto. Ng'ambo ya mto Savannah, unaopakana na South Carolina, ni Georgia, iliyoanzishwa 1733: vinamasi vile vile, jua lile lile, mbu wale wale. Lakini mwaka 1735 wadhamini wake, yaani waliokabidhiwa kuisimamia, walioko London walipiga marufuku utumwa. Si kwamba walikuwa malaika. Walitaka koloni la wakulima wadogo wenye bunduki wa kuwazuia Wahispania wa Florida, ambao waliwaahidi uhuru watumwa waliotoroka kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1738 walowezi wa mji wa Savannah waliomba waruhusiwe watumwa, wakidai Mzungu hawezi kazi kwenye joto lile. Mwaka uliofuata Waskoti wa Darien na Wajerumani wa Ebenezer, makazi mengine ya Georgia, wakapeleka maombi ya kupinga. Hao wa Ebenezer walikuwa wakilima kwa mikono yao wenyewe, na mazao yalionekana.

Mtetezi wa jografia atajibu kwamba marufuku ile haikudumu. Ni kweli, iliondolewa kuanzia 1751, na matajiri wa South Carolina wakavuka mto na watu wao. Mwaka 1750 Georgia ilikuwa na watumwa wasiofika 500; kufikia 1775 walikuwa takriban 18,000. Lakini kuna jambo linalosahaulika. Mlowezi maskini wa Georgia alipewa ekari 50, mara nyingi mchanga wa misonobari, akaambiwa afuge viwavi wa hariri kwa kuwa London iliona latitudo yake ni kama ya kisiwa cha Madeira. Kujenga matuta na malango ya maji ya shamba la mpunga kulihitaji mtaji ambao hakuwa nao. Akimtazama jirani wa ng'ambo akitajirika, alilaumu jua. Na vita na Wahispania vilipokwisha 1748, hoja ya ulinzi nayo ikapoa.

Kwa hiyo naikubali jografia kwa nusu. Iliamua zao gani lingeleta faida, na ugonjwa gani ungemuua nani. Kwamba faida hiyo ivunwe kwa watu wanaomilikiwa, tena watoto warithi hali ya mama kama Virginia ilivyoandika 1662, hilo liliamuliwa mezani. Wala baridi haikuisafisha New England. Samaki wake bora wa chumvi walikwenda Hispania na Ureno. Wale wabovu, waliovunjika au kukaushwa vibaya, walipakiwa kwenda visiwa vya Karibi kuwalisha watumwa wa mashamba ya miwa.