Saa 2,300 za kuruka na mitihani 13

Siku nilipomwambia mama kwamba lazima nifanye mitihani 13 kabla ya kuruhusiwa kurusha ndege Ulaya, aliniuliza: "Mwanangu, kwani hewa ya huko ni nyingine?"

Nilikuwa na saa 2,300 kwenye logibuku yangu, kitabu cha kuandikia safari za rubani, nyingi za Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Nilianza na Dar–Zanzibar, dakika ishirini tu, nikaenda Mafia, kisha misimu mitatu Arusha na viwanja vya mbugani. Walioifanya kazi hiyo wanaijua. Uwanja wa Arusha uko zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa saba mchana limeshaila nguvu ya injini, nyuma kuna abiria kumi na mabegi yao, na unakokwenda kuna njia ya vumbi ambayo unaipitia chini kwanza ili pundamilia watoke. Mbele umekaa peke yako. Nilipohamia Ireland kumfuata mke wangu niliamini saa hizo zitanisemea.

Hazikunisemea, na sheria inaeleza kwa nini. Mkataba wa Chicago wa 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani, unasema katika kifungu cha 33 kwamba nchi nyingine zitaitambua leseni iliyotolewa na nchi iliyosajili ndege, mradi imefikia viwango vya chini vya kimataifa. Maana yake, leseni yangu ya Tanzania inanitosha kuleta hadi Dublin ndege yenye alama ya usajili ya Tanzania, 5H, ubavuni. Nikishuka hapo nikapanda ndege ileile, muundo uleule, ila imeandikwa EI ya Ireland, leseni hiyo hainiruhusu kuigusa mpaka wenyeji waikubali. Kila nchi inajiamulia itaikubali vipi. Marekani humpa rubani mgeni leseni ya binafsi kwa kutegemea ile ya nchi yake, bila kumpima upya angani, ila akitaka ya biashara atafanya mitihani. Ulaya kwa leseni ya biashara wanataka nadharia yote upya: sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, uzito na mgawanyo wake ndani ya ndege, mpaka mwili na akili ya rubani. Alama za kufaulu ni asilimia 75, muda miezi 18. Na kabla ya yote unapimwa afya upya kwenye kituo chao.

Nilifanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani usiku na kusoma mchana. Kilichoniumiza zaidi ya mitihani ni barua ya kuthibitisha kwamba leseni yangu ni ya kweli. Ilichukua miezi minne ikizunguka kati ya meza na meza, na kwa miezi hiyo minne nilikuwa kama mtu anayedaiwa aeleze alikoiba kilicho chake.

Mitihani yenyewe sitaisema vibaya yote. Nilijifunza habari za barafu kwenye mabawa, jambo ambalo Mafia haiwezi kukufundisha. Lakini kumtahini mtu aliyeruka saa 2,300 sawasawa na kijana aliyetoka shule jana, bila punguzo hata la somo moja, nasema ni makosa. Hata wao kwa wao hawakubaliani rubani mzuri hupimwaje. Ulaya kijana wa saa mia mbili na kitu anaweza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, cha ndege kubwa ya abiria. Marekani, tangu 2013, kwa kawaida anatakiwa kuwa na saa 1,500. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, ingawa marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa tayari wamepita saa 1,500. Na Caravan ninayoisema? Hadi 2017 Ulaya kwa jumla haikuruhusu ndege ya injini moja kubeba abiria wa kulipa usiku au ndani ya mawingu. Kwetu ilikuwa kazi ya kila siku.

Kuna jambo moja tu ambalo huku wametuzidi kweli, na ningependa wenzangu nyumbani walisome vizuri. Katika mafunzo nilipita futi 300 juu ya kimo nilichopewa. Mwalimu akaniambia, "Iandike ripoti." Moyo ulinidunda, kwa sababu nilikotoka nilijifunza mapema kufunga mdomo: mwenzetu aliyesema kosa lake alizuiwa kuruka wiki sita bila mshahara. Hapa niliulizwa maswali matatu kuhusu maelekezo niliyopewa na mahali nilipokuwa nikitazama, basi. Ulaya wana kanuni, namba 376 ya 2014, inayomlinda anayeripoti ilimradi hakukusudia na hakuzembea kupita kiasi.

Juni 2025 Ulaya ilipoyapiga marufuku mashirika yote ya ndege yenye cheti cha Tanzania, sikulala. Marufuku ile haigusi leseni yangu, lakini inagusa kila mtu anayeiangalia. Uwezo wa marubani wetu nauamini. Swali ni la usimamizi: wakaguzi wa kutosha, kumbukumbu zinazopatikana, ripoti zinazosomwa. Kenya walipita njia hiyo, Marekani ikawapa daraja la kwanza la usimamizi wa usalama wa anga Februari 2017, na Oktoba 2018 Kenya Airways ikaanza kuruka moja kwa moja hadi New York. Inawezekana kwetu pia.

Tena tungeanzia jirani. Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ambao sasa uko Entebbe, na kanuni zetu zimeshalinganishwa kwa sehemu kubwa. Hata hivyo rafiki yangu alivuka mpaka mmoja tu kwenda kazini, akakaa miezi mitatu akisubiri karatasi za kuirusha Caravan ileile juu ya nyika ileile.

Mimi nilifaulu la mwisho Machi. Kwenye logibuku, chini ya mstari wa Mafia–Dar, sasa upo mstari wa Weston, uwanja wa ndege ulio nje kidogo ya Dublin. Nimeutuma kwa mama.