Antena Sita na Penalti Moja

Najua ile klipu yangu nikipiga kelele katikati ya gemu mshaiona. Yule rafiki yangu mshenzi wa mtaa wa Ntinda kaituma kila grupu, hadi grupu la michango ya harusi ambalo watu walikuwa wamenyamaza tangu mweka hazina aulize ahadi. Sasa acheni niseme mwenyewe, maana ile klipu imeanzia katikati na inanionyesha kama mwendawazimu bila sababu. Sababu ilikuwepo.

Sababu ni rauta, kile kidude cha kugawa Wi-Fi nyumbani. Ile ya zamani ilikuwa inanikatisha gemu nikaamua nitafute nyingine ya bei yangu. Nikazunguka akedi, yale majengo ya maduka ya mjini pale Kampala, hadi miguu ikauma, nikakuta moja ya elfu tisini na tano ina antena SITA. Sita jamani! Ya zamani ilikuwa na mbili, kwa hiyo nikapiga hesabu ya darasa la pili, hii ni mara tatu. Muuzaji akaniambia ssebo (yaani bwana) hii ndo ya gemu, ona hata taa zake nyekundu. Pembeni kulikuwa na kingine kidogo cheupe, antena mbili, laki na arobaini, kimeandikwa gigahetzi 5. Nikakicheka. (Kikumbukeni hicho kidogo cheupe.)

Nyumbani nikaiweka juu ya friji, kwa sababu kisanduku cha faiba kiko ukuta wa jikoni, na nilitaka antena zikae juu zipate hewa. Kando ya friji kuna maikrowevu ya shangazi. Mmeanza kuelewa eh? Mi sikuelewa.

Ijumaa usiku, mechi ya gemu ya mpira na huyo wa Ntinda. Atakayefungwa ananunua rolex (siyo saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai) za mayai mawili Wandegeya kwa watu saba, na hao saba wote wako kwenye kol ya WhatsApp, simu yangu iko mezani, spika imefunguliwa. Dakika ya 88, mbili kwa mbili. Nikaangushwa ndani ya boksi. Penalti!

Nikakaa sawa. Nikafuta mikono kwenye suruali. Kipa wake anarukaruka pale golini, nikachagua kona ya kushoto chini, mchezaji wangu akaanza kukimbia, hatua ya kwanza, ya pili, akainua mguu... na jikoni nikasikia mmmmmmmm. Ule mlio wa sahani inayozunguka. Mchezaji wangu akaganda na mguu hewani kama sanamu ya mzunguko wa barabara. Pingi yangu, yaani milisekunde za kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, kawaida ni 160, siyo nzuri lakini tumezoeana kwa sababu seva ziko mbali na hakuna rauta itakayozisogeza Kampala. Sasa ikasoma 900. Ikasoma 1,400. Halafu ikaacha kusoma.

Ndo nikapiga ile kelele mnayoisikia kwenye klipu: "SHANGAZI ZIMAAA!"

Kimya. Halafu shangazi akatokea mlangoni na mwiko, na simu iko mezani inasikiliza vizuri kabisa maana yenyewe ilikuwa kwenye bando: "Nizime nini? Umeme nalipa mimi, matoke yangu, nyumba yangu, wewe na miaka yako 27 unanipigia kelele sababu ya watoto wa kwenye tivii? Jana si umeniomba elfu tatu ya boda? Na boksa zako ziko kwenye kamba tangu Jumatano, ile yenye tundu nimeona aibu kwa majirani. Nenda ukaanue!"

Watu saba. SABA. Picha iliporudi niliambiwa nimetolewa mchezoni, na mmoja kwenye kol alikuwa analia kwa kicheko hadi akakohoa.

Mengine nitayapitia haraka maana yanauma. Kesho yake fundi jirani akanieleza kwamba maikrowevu na Wi-Fi ya gigahetzi 2.4 zinapigania mawimbi yaleyale, na lile lidude langu lina hiyo 2.4 peke yake, antena sita au sitini. Nikarudi mjini, nikabadilisha kwa kuongeza elfu hamsini na tano (ndiyo, wamenila elfu kumi, nyamazeni), nikaja na kile kidogo cheupe. Nikawasha. Mashine yangu ya gemu, PS4, haioni hiyo 5 kabisa! Kumbe hizi PS4 nene za kwanza, za 2013, hazina uwezo wa gigahetzi 5, ni zile za baadaye, Slim na Pro, ndo ziliwekewa. Nilikaa chini sakafuni.

Fundi akasema wewe tafuta tu kebo, chomeka moja kwa moja, hata ile rauta ya kwanza ingetosha. Nikakumbuka waliofunga faiba waliacha kebo ya ziada, ndefu, ya bluu, kama mita kumi na tano. Nikaitafuta nyumba nzima. Nikamuuliza shangazi. Akanionyesha dirishani kwa mdomo.

Zile boksa zangu zilikuwa zimening'inia juu yake.

Sasa nimeivuta ndani, pingi 160 imetulia tuli hata maikrowevu ikipiga kelele, na gomesi mbili za shangazi, yale magauni ya Kiganda, zinakaukia kwenye mlango wa chumba changu hadi nimnunulie kamba. Rolex saba nimelipa. Na wewe wa Ntinda, toa hiyo klipu kwenye grupu la harusi, mama wa bwana harusi ameniuliza kama nilishaanua.