Meza ya msaji na bei ya kishikaji

Picha ya meza ikishaingia kwenye stetasi ya WhatsApp, ujumbe hauchelewi: "Mwanangu, na mimi nifanyie hiyo. Ila bei ya kishikaji." Anayeombwa mara nyingi ni mwajiriwa, mwalimu au karani, ambaye mbao kwake ni kazi ya jioni na Jumapili, uani huko Chumbageni au Mikanjuni, mjini Tanga. Akitaja bei kamili, keshaitwa mchoyo.

Wanaomlaumu wana hoja. Mshahara anao, pango la karakana halimhusu, na marafiki ndio walionunua vigoda vyake vya mwanzo vilivyokuwa vinayumba. Undugu ni kufaana. Tena meza ikikaa sebuleni kwa rafiki, wageni wanaiona na oda zinakuja bila tangazo. Ni kweli. Ila oda hizo huja zimeshabeba bei: aliyesikia elfu 150 hatakubali kuanzia elfu 300.

Tuifungue meza yenyewe. Meza ndogo ya sebuleni ya msaji (mtiki) wa Longuza, Muheza, urefu futi 3, upana inchi 16. Uso ni vipande vitatu vya inchi moja kwa sita, miguu inataka futi 6 za mbili kwa mbili, na fremu inachanwa kutoka ubao mwingine. Nunua theluthi moja zaidi, kwa sababu ya vifundo, ncha zilizopasuka na kinacholiwa na randa. Kupima na kukata ni saa moja na nusu. Kuranda kwa mkono, saa 4. Maungio ya ulimi na tundu yako manane, na kwa patasi hakuna linalopungua dakika 40. Hapo ni saa 5 na ushei. Gundi na vibano, saa moja na nusu. Msasa namba 80, 120, kisha 180, saa 3. Vanishi mikono mitatu, ukipitisha msasa laini kila katikati, saa 2.

Saa 17 na ushei, bila siku za kusubiri ikauke. Tuseme mbao, skrubu, gundi, msasa na vanishi vimekula 120,000, na rafiki kwa roho safi ametoa 150,000. Elfu 30 gawa kwa saa 17: haifiki 1,800 kwa saa. Siku nzima ya saa nane haifiki elfu 15, na patasi bado haijanolewa. Rafiki hana ubaya. Yeye ameona 150,000 zikitoka mfukoni, saa hajaziona. Ndiyo maana hesabu hii aandikiwe, mbao mstari wake, kazi mstari wake, kabla ubao haujaguswa.

Na yupo asiyetajwa kwenye mabishano haya: fundi wa Ngamiani anayelipa kodi ya karakana na kulisha watoto kwa meza hizohizo. Mwenye mshahara akiuza kwa bei ya mbao, huyo ndiye anayeambiwa "mbona fulani anafanya kwa nusu?"

Kwa hiyo kwa rafiki kuna njia mbili safi: zawadi kamili, kwenye harusi au kuhamia nyumba mpya, au bei kamili na nusu yake itangulie. Punguzo la katikati ndilo linalozaa ugomvi, maana mmoja anahesabu amesaidia na mwenzake anahesabu amenunua. Ukitaka kumpunguzia, punguza kazi: miguu isiyonakshiwa, au kigoda badala ya meza.

Akileta mbao zake, kuwa mkali. Mara nyingi ni mbichi, zina misumari ya zamani inayokula meno ya msumeno, au hazina hati wala risiti ya TFS, wakala wa misitu wa serikali.

Muulize pia meza itakaa wapi. Iliyoungwa kwenye unyevu wa Tanga ikipelekwa Dodoma, uso wa inchi 16 unaweza kusinyaa kama milimita 3. Ukiwa umegandishwa kwa gundi kwenye fremu, utapasuka. Skrubu za uso zipite kwenye matundu marefu yanayokatisha nyuzi za mbao, ili uso upate pa kusogea. Na mkubaliane mapema, kwa maandishi hata ya ujumbe wa simu, nani atalipa nauli ya meza ikibidi irudi kutengenezwa.