Shemeji na Kipande Kisicho na Jina

Shemeji yangu haombi laptopu, hutangaza. "Shem, nachukua mashine, nina video za sendofu."

Mashine yenyewe ina mifumo miwili, Windows na Ubuntu, kwenye diski moja, zinaishi kama wake wenza walioelewana. Video zikakosa nafasi kwenye D, sehemu ya diski ya kuhifadhia mafaili upande wa Windows. Pembeni akaona kipande cha GB 4, hakina herufi wala jina. Shemeji havumilii kitu kisicho na mwenyewe: akakifuta, akakiunga na D, akarudisha laptopu na asante juu.

Saa kumi na mbili na nusu jioni nawasha. Skrini nyeusi:

error: no such partition.
grub rescue>

Kamati ya harusi inaingia saa moja, na bajeti imo humo.

"Si inaomba kuokolewa?" akasema, akaandika help. Unknown command. Akajaribu tafadhali. Unknown command. Mama mkwe akashauri kutoka jikoni izimwe, ipumzike.

Kile kipande kilikuwa swapu ya Ubuntu, sehemu ya diski inayoisaidia RAM ikijaa. Kilipofutwa, patisheni (kipande cha diski) ya nyuma yake, yenye Ubuntu, ikahama kutoka namba 7 ikawa 6, na GRUB, programu inayowasha mifumo, bado inabisha hodi 7. Hata Windows haiwaki, maana menyu ya kuichagua iko kwa GRUB huyohuyo.

Nikapiga ls, amri ya kuorodhesha, vipande vikajipanga. ls (hd0,msdos5)/ ikagoma: unknown filesystem. Hiyo ndiyo D na sendofu yake. ls (hd0,msdos6)/ ikatoa bin, boot, etc, home. Ubuntu ndiyo hiyo. Nikapumua, nikaielekeza GRUB huko:

set prefix=(hd0,msdos6)/boot/grub
set root=(hd0,msdos6)
insmod normal
normal

Menyu hiyooo! Ubuntu ikaanza kuwaka, halafu ikasimama: inaisubiri swapu marehemu, sekunde 90. Kamati imeshakaa, soda zimefunguliwa, mweka hazina anahesabu kwa sauti.

(Baadaye niliweka # mbele ya mstari wa swapu kwenye /etc/fstab, orodha ya patisheni za kufunguliwa Ubuntu ikiwaka, ili urukwe; kisha, ili GRUB ishike namba mpya, nikapiga sudo grub-install /dev/sda na sudo update-grub. Bila hivyo, ukizima tu unarudi kulekule.)

Bajeti ilipofunguka, mwenyekiti akamshukuru Shemeji kwa kushughulikia mitambo. Naye akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema kazi ilikuwa ngumu, ila tumshukuru Mungu.